Toba ya Mianzi Saba

Barua yenyewe ilikuwa ya mistari miwili tu: kwamba wazazi wa Idda binti Enoki ni Wakristo wenye mwenendo mwema, na kwamba wote wawili hushiriki Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa aandike, atie sahihi, basi. Bila mistari hiyo shule ya bweni ya wasichana haimpokei mtoto, hata awe amewashinda wavulana wote wa mtaa katika mtihani wa darasa la nne, kama Idda alivyowashinda. Hata ada iwe imekwisha kulipwa na sanduku la mbao limekwisha kupigwa misumari, kama lile la Idda lililokaa chini ya dirisha, tupu, linanukia mbao mbichi.

"Siwezi kuandika uongo, Baba Idda," alisema Mzee Anania. Alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hataki kukaa. "Wewe huna neno. Lakini mama ametengwa tangu Pasaka. Mchungaji anakuja Jumapili ya wiki ijayo. Asimame mbele ya watu, atubu kwa kinywa chake mwenyewe, arudi kundini. Nikitoka tu kanisani naandika. Wino ninao."

"Na kinywa kikikataa, mzee?" aliuliza Enoki.

"Mchungaji harudi tena mpaka Kwaresima."

"Lori la wasichana linaondoka Njombe Ijumaa inayofuata Jumapili hiyo."

"Ndiyo maana nakwambia."

Tabea, mke wa Enoki, alikuwa nyuma ya pazia, na kikombe cha maji ya mgeni mkononi. Alisikia yote. Kikombe hakikutoka.

Mwanamke huyu hakuwa bubu, msije mkadhani. Wakiwa wawili jikoni, yeye na bintiye, alisema mpaka chungu kikaungua. Wakiwa watatu alinong'ona. Wakifika wanne koo lilijifunga kama mdomo wa gunia, midomo ikabaki inacheza bila sauti. Watu wa upande ule wa Mahongole walikwisha kumzoea. Msibani wenzake wakitoa pole na maneno ya kufariji, yeye alishika mkono wa mfiwa, akaubana, akauachia.

Kosa lake lilijulikana na wote. Masika ya mwaka uliopita, ule mwaka wa kutawazwa Malkia, Enoki alikuwa kwenye kibarua cha barabara, analala kambini, na mshahara ulikuwa ukifika nyumbani umeliwa nusu. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichaka cha mianzi. Tabea akachukua kisu akafanya kazi ambayo kwao ni ya wanaume: akakata ncha za machipukizi asubuhi na jioni, akaning'iniza mbeta, vile vikombe vya mwanzi vya kukingia, ulanzi ukadondoka, akauza. Ada ya Idda ilitoka humo, tone kwa tone. Kanisa lilikuwa limekataza pombe, kuuza na kunywa. Lakini wanywaji walikuwa wengi na muuzaji mmoja, na kumtenga mmoja ni kazi nyepesi zaidi.

Tangu hapo alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango, pamoja na mbwa wa watu.

* * *

Fidelia, dada yake Enoki, alikuwa mjane mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliposikia habari ile alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka.

"Wifi, unaogopa nini? Watu wale wale unaowajua. Huyu ulimzalisha mkewe, yule ulimkopesha jembe."

"Ndiyo maana," alisema Tabea.

"Ungekuwa hawakujui ungesema?"

"Nisingesema pia."

"Basi ugonjwa huo. Na ugonjwa una dawa." Fidelia alifunga kitenge vizuri kiunoni. "Kesho twende Makambako. Mtoto hana blanketi. Utaliagiza wewe. Mimi nitakuwa bubu kutwa nzima, Mungu anisaidie."

Wakaenda. Duka la Mhindi pale njia panda lilikuwa limejaa. Vibarua wa barabara, mataniboi wawili wa lori la Mbeya, wanawake wenye vikapu vya viazi wanangoja chumvi. Picha ya Malkia ilikuwa ukutani juu ya makopo ya chai, na ilionekana kana kwamba naye anangoja Tabea aseme.

"Ndiyo mama?" aliuliza mwenye duka.

Tabea akafungua kinywa. Akamtazama Fidelia. Fidelia alikuwa anatazama dari.

"Mama? Nini? Sukari? Chumvi?"

Tabea akanyoosha kidole kwenye mablanketi. Mwenye duka akafuata kidole akaleta taa ya chemli. Tabea akatikisa kichwa. Akaleta sabuni. Taniboi mmoja akasema, "Mpe mume, bwana, huenda ndicho anachotafuta," duka zima likacheka, na Tabea akatoka nje mbio, akasimama nyuma ya ukuta amefunika uso kwa kanga.

Fidelia alimkuta pale. "Umemaliza?"

"Twende nyumbani, wifi. Nunua wewe."

"Mimi bubu. Hujasikia?" Halafu Fidelia akashusha sauti. "Tabea. Idda atalala na nini kule? Baridi ya kule si ya mchezo. Utamwambia mama yako alichekwa dukani?"

Tabea akarudi. Safari hii hakungoja aulizwe. Alisimama katikati ya duka, akafumba macho, akapiga ukelele: "Blanketi!"

Watu wakanyamaza. Hata taniboi. Mwenye duka akateremsha blanketi la kijivu lenye mistari miwili myekundu, akaliweka juu ya meza taratibu, kama mtu anayempa silaha yake askari. "Blanketi," alisema. "Nzuri sana, mama. Sasa kila mtu Makambako anajua."

Njia nzima ya kurudi Tabea alikuwa akicheka peke yake. Kila wakivuka kijito alisema tena, "Blanketi!", akaangalia kama koo limejifunga. Halikujifunga.

"Unaona?" alisema Fidelia. "Kanisani ni duka tu. Tofauti yake watu wamekaa."

* * *

Lakini neno moja si toba. Fidelia alitunga maneno, maana alikuwa mwimbaji wa kwaya na alizijua toba za watu wengi. Yakawa maneno saba, kila moja kauli nzima. Na ilibidi yawe ya Kiswahili, kwa sababu Mchungaji Filemoni alikuwa Mkinga wa Makete, Kibena, lugha ya pale, alikijua cha salamu tu.

Siku ya kwanza Tabea hakupita neno la pili. Siku ya pili vivyo hivyo. Aliyasema jikoni, yakapotea. Akayasema shambani, yakapotea. Siku ya tatu alikuwa nyuma ya nyumba anakata nyasi za mbuzi, akagusa mwanzi wa kwanza kwa mkono, na neno la kwanza likaja lenyewe. Akagusa wa pili, likaja la pili.

Mianzi iliyokuwa ikitoa vizuri mwaka ule ilikuwa saba, na miguu ya Tabea ilikwisha kuzoea mzunguko huo asubuhi na jioni kwa miezi mitatu. Miguu ilikumbuka kuliko kichwa. Akamwita Fidelia, akamwonyesha. Alikwenda mwanzi kwa mwanzi, anaugusa, anasema:

"Mimi Tabea mke wa Enoki nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu. Mume wangu akiwa kazini nilikata mianzi. Niliuza ulanzi, siku za kazi na Jumapili pia. Nilionywa sikusikia. Watu walilewa kwa ajili yangu. Nimeacha, sitarudia. Naomba mnipokee."

"Eee!" Fidelia alipiga makofi. "Rudia!"

Akarudia. Akarudia mara nne. Idda alitoka ndani akasimama mlangoni, hajawahi kumsikia mama yake akisema mbele ya shangazi kwa sauti kama ile, akatabasamu mpaka akajificha.

"Ila huu wa saba unanisumbua," alisema Tabea. "Nikiugusa namkumbuka mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Kila mwanzi ulikuwa na watu wake mwaka ule. Wanywaji hawa ni wachaguzi. Huyu anataka wa hapa, yule wa pale. Wa saba ulikuwa umeinamia njia ya nyuma, mtamu kuliko yote. Tabea alimwambia Fidelia sikioni, ingawa hapakuwa na mtu karibu. Kila Jumatano jua likielekea kuzama Mzee Anania alipita njia ile na sufuria yenye kifuniko, akasema maneno yale yale: "Wa dawa, mama. Tumbo." Akalipa, akaenda zake.

Fidelia alitazama njia ya nyuma, halafu akautazama ule mwanzi.

"Majina yaache," alisema mwisho. "Hukutumwa kuwatubia watu. Sema yako, kaa chini."

"Na huyu wa Jumatano?"

"Huyo hasa. Ndiye mwenye kalamu."

* * *

Jumamosi asubuhi wazee walikuja na mashoka. Walikuwa wawili, Mzee Anania na mwenzake Lameki, ambaye alikuwa kijana bado na alifurahia sana uzee wake.

"Tunda la toba," alieleza Mzee Anania. "Mchungaji atauliza: mianzi ipo au haipo? Nataka nimjibu haipo. Namsaidia mama."

Tabea alimshika Enoki mkono wa shati. Wakiwa wanne, sauti haikutoka. Enoki akajaribu.

"Mzee, ngojeni Jumatatu."

"Kwa nini Jumatatu?"

Enoki angesema nini? Kwamba mke wangu ameyatundika maneno yake ya toba juu ya mianzi ya pombe? Alijikuna shingo. "Basi tu, mzee. Siku moja haizidishi kitu."

"Mtu anatubu kesho, leo anataka kuuficha mti wa dhambi," alisema Lameki. "Hii ni toba ya namna gani?"

Wakakata. Mianzi ikianguka hupiga kelele, na mbuzi wakakimbia. Tabea alisimama akitazama, midomo ikicheza, kila mwanzi ukianguka anasema neno lake kimoyomoyo, anajaribu kulidaka kabla halijafika chini. Mzee Anania aliukata wa saba kwa mikono yake mwenyewe. Alipiga haraka haraka, bila kupumzika, jasho likimtoka, na hakumtazama mtu. Kisha wakachagua ile iliyonyooka, wakaifunga mafungu mawili, kwa sababu uzio wa kanisa ulikuwa umeoza na wa Lameki pia.

Walipoondoka Tabea alizunguka kwenye visiki. Aligusa kisiki cha kwanza. Akainama akagusa cha pili.

"Yapo?" aliuliza Enoki.

"Yapo," alisema Tabea. Halafu akasema, "Sijui."

"Blanketi," alisema Enoki, kumchekesha. Tabea akacheka kidogo.

* * *

Kanisa lilijaa mpaka madirishani, kwa kuwa Mchungaji alikuwa hajaonekana tangu mwezi wa kumi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, amekuja na baiskeli yenye tope, na kabla ya Meza ya Bwana aliwaita wenye kurudi kundini.

Walikuwa wawili. Kwanza Kristofa, fundi wa matofali, ambaye alikuwa amecheza ngoma ya kimila harusini. Alisema kwa pumzi moja, kama mtu anayeruka mtaro: "Nilicheza ngoma nimekosa nisameheni." Wakampokea. Akakaa akijipangusa shingo.

"Tabea mke wa Enoki," aliita Mchungaji.

Kutoka benchi la nyuma mpaka mbele ni hatua ishirini na kitu. Kanga ya Tabea ilinaswa na msumari wa benchi, mtu akacheka, yeye akaichomoa, akaendelea. Alifika. Akageuka. Nyuso zote zile. Koo likaanza kujikaza. Akaitafuta ile sauti ya dukani, akaipata.

"Mimi Tabea mke wa Enoki nimekosa mbele ya Mungu na mbele yenu."

Ilitoka. Watu walitazamana. Wengi hawakuwa wamepata kuisikia sauti yake maishani mwao.

"Mume wangu akiwa kazini nilikata mianzi. Niliuza ulanzi, siku za kazi na Jumapili pia."

Mzee Anania alikuwa benchi la mbele. Alimtakia mema mama yule, kweli kabisa. Alikuwa akimwitikia kwa kichwa kila neno, hivi, kama mwalimu anavyomwitikia mtoto anayesoma vizuri. Tabea aliona kile kichwa. Na neno la nne likamtoka mikononi.

Mtu akakohoa. Kule kwaya Fidelia alikuwa akiumba neno kwa midomo, *nilionywa, nilionywa*, lakini Tabea hakuwa anamwona. Mtoto mmoja akacheka. Mchungaji akasema kwa upole, "Endelea, mama."

Akafumba macho. Akarudi nyuma ya nyumba, akazunguka kama miguu ilivyozoea. Alifika kwenye kisiki cha nne akatafuta. Maneno ya Fidelia hayakuwapo. Palikuwa na watu.

"Wa nne ulikuwa wa vibarua wa barabara," alisema Tabea. "Walikunywa wamesimama. Niliogopa kuwapa viti wasije wakakaa."

Kicheko kikapita upande wa wanaume. Hakikuwa kicheko cha duka la Makambako. Kilikuwa cha watu wanaotambua jambo. Tabea alikisikia na kifua chake kikafunguka. Hivi ndivyo ilivyo? Hivi ndivyo wenzangu wanavyojisikia siku zote?

"Wa tano ulikuwa wa Kristofa na mkewe. Mke alikuja kumgombeza, akasema mume wangu anakunywa mno. Akamnyang'anya, akaumaliza yeye."

Kanisa likaangua kicheko. Kristofa akainama mpaka kichwa kikagusa magoti. Mchungaji aliinua mkono, "Mama, mama," lakini Tabea alikuwa na macho yamefumbwa na miguu njiani, na hakuwa na njia nyingine ya kufika mwisho ila hiyo.

"Wa sita ulikuwa wa waliotoka kumzika bibi yake Lameki. Lameki mwenyewe alikuwapo. Walikuja kunawa mikono, wakakaa." Sauti ilikuwa imenyooka sasa, haina mtetemo, inafika mlangoni. "Na wa saba ndio uliokuwa mtamu. Sikuwauzia wengine. Ulikuwa wa Mzee Anania. Alikuja Jumatano kwa njia ya nyuma na sufuria yenye kifuniko. Ulikuwa wa dawa ya tumbo. Hakunidhulumu hata siku moja, alilipa vizuri, na alikuwa akiniuliza habari za watoto. Nimekosa. Nimeacha. Naomba mnipokee."

Akafumbua macho.

Hakuna aliyecheka. Mzee Anania alisimama. Huyu alikuwa mtu wa kuomba robo saa nzima bila kusita, mtu aliyeitwa misiba ya mbali kwa ajili ya kinywa chake. "Mimi," alisema. Akashika ukingo wa benchi. "Mimi..." Midomo ikacheza. Akaketi.

* * *

Ibada iliisha, na shauri likafuata nje, chini ya dirisha la kanisa. Mchungaji Filemoni alikuwa na huzuni ya kweli.

"Mama huyu ametubu," alimwambia Enoki. "Kwa upande wake mimi nimesikia toba. Lakini katika toba hiyo hiyo amewashitaki watu wanne, wawili wazee wa kanisa. Siwezi kumpokea huku shauri liko wazi, itakuwa nimekwisha kuwahukumu wale kabla ya kuwasikiliza. Baraza la wazee litakaa Kwaresima."

"Mchungaji, mtoto anaondoka Ijumaa. Andika wewe barua."

"Niandike nini? Mwenendo mwema, na shauri halijakatwa? Mimi nawaona mara nne kwa mwaka. Anayekaa nanyi ni mzee, ndiye wa kushuhudia."

Enoki akamfuata Mzee Anania, ambaye alikuwa anakwenda zake bila kofia, ameisahau ndani. Enoki alikwenda nayo mkononi, akampa.

"Mzee, barua."

"Mimi ni mshitakiwa, Baba Idda." Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine. "Nikiandika sasa watasema nimemhonga mkeo anyamaze. Nisipoandika watasema nalipa kisasi. Nifanyeje? Niambie, nifanyeje?" Alikuwa anauliza kweli. "Tumbo lilikuwa linauma. Mungu anajua lilikuwa linauma."

Walisimama wanaume wawili njiani, kila mmoja anatazama viatu vya mwenzake, mpaka mvua ikaanza.

Nyumbani Fidelia alikuwa amepoteza sauti kwa kugomba. "Nilikwambia majina yaache! Nilikwambia au sikukwambia? Huyo hasa, nilikwambia!"

"Niliyatafuta maneno yako, wifi," alisema Tabea. "Hayakuwapo pale."

"Basi ungenyamaza! Miaka yote hii umenyamaza, leo ndiyo umeshindwa?"

Tabea alifikiri juu ya hilo. "Ukianza," alisema, "ni kama kuteremka mlima."

Idda alikuwa anapanga sanduku. Hakuna aliyemwambia aache. Aliweka blanketi chini, juu yake gauni, juu ya gauni kitabu cha nyimbo, akafunga, akafungua, akaanza upya.

* * *

Alhamisi Enoki alirudi kambini, msimamizi hakutaka kusikia habari za barua. Tabea na Idda walipata lori la viazi kutoka Makambako, wakafika Njombe jioni, wakalala kwa mtu wa ukoo. Ijumaa asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata mtu humwoni mpaka akupige bega. Lori la shule lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara, linanguruma. Wasichana kumi na watano, masanduku kumi na matano, akina mama wanawafunga mitandio binti zao, akina baba wanajifanya kukagua matairi. Kando ya mlango wa nyuma alisimama Mwalimu Beatrisi, msichana wa miaka ishirini na kitu, ameshika orodha na bahasha za barua.

"Idda binti Enoki," alisoma. "Karibu. Barua?"

Palikuwa na watu arobaini pale, na wengine wanapita. Tabea alisogea mbele.

"Mwalimu, shikamoo haikufai, u mdogo kwangu, lakini nakupa," alisema. "Barua hakuna. Nitakwambia kwa nini hakuna, na hawa wote wasikie."

Akasema. Hakufumba macho safari hii. Alisema juu ya barabara na mshahara wa nusu, juu ya kisu na mbeta, juu ya benchi la nyuma na mbwa wa watu. Alisema alivyouza, hakujisafisha. Alisema mtoto huyu hakunywa wala hakuuza, alisoma, na kwamba kama kuna mtu wa kubaki nje ni yeye Tabea, na kwamba yuko tayari kubaki nje mpaka afe, wamfunge benchi la nje kabisa, mvuani, ila mtoto apande. Koo halikujifunga hata mara moja. Akina mama walisogea karibu. Dereva alizima injini ili asikie vizuri. Mzee mmoja mwenye mwavuli akasema, "Huyu mama alistahili kuwa mhubiri," na mwingine akaitikia, "Kabisa."

Mwalimu Beatrisi alijipangusa macho kwa ukingo wa bahasha.

"Mama, umesema vizuri," alisema. "Sijasikia mtu akisema vizuri namna hii. Mwenyewe ningemchukua saa hii." Akaitazama orodha yake, akaitazama tena kana kwamba huenda imebadilika. "Lakini kule nitaulizwa karatasi. Maneno sitaulizwa. Na wamekwisha kuniambia, asiye na barua nafasi yake apewe anayefuata, na anayefuata yuko hapa. Yule pale. Ameshatembea siku tatu kutoka Mlangali."

Msichana wa Mlangali alikuwa mdogo, miguu imejaa vumbi lililolowa. Aliinamisha uso.

"Idda anaweza kujaribu mwaka kesho," alisema Mwalimu Beatrisi.

"Mwaka kesho atakuwa amepita umri wa kupokewa, mmesema wenyewe."

"Ndiyo, mama."

Dereva akawasha injini. Wasichana wakapanda, masanduku yakapokezanwa, wimbo ukaanza kama ilivyo desturi, na akina mama wakaanza kulia kama ilivyo desturi. Tabea hakulia. Alilifuata lori likianza kwenda, ameshika ubao wa nyuma kwa mkono mmoja, anasema bado, na sauti yake ilikuwa juu ya wimbo: kwamba mistari ni miwili tu, kwamba hata mtoto angeweza kuiandika, kwamba wino ulikuwapo, Mzee Anania alisema mwenyewe kwamba wino anao. Lori likaongeza mwendo. Akaachia.

Wazazi walitawanyika wawili wawili. Mzee wa mwavuli alimpita akampa pole, akaenda zake. Ukungu ulikuwa unainuka kidogo, barabara ya Makambako inaonekana mpaka kona ya kwanza.

Tabea alikuwa amesimama katikati ya barabara, ameielekea ile njia lori lilikokwenda, anaeleza. Idda alilinyanyua sanduku, akajitwisha, akaweka shingo sawa.

"Mama, twende."

"Sijamaliza," alisema Tabea.

"Mama, hakuna mtu."